Msichana Aliyekimbia Peke Yake

Mwezi jana shule moja ya Kiritiri ilinialika nimchague mwanamichezo bora wa siku yao ya michezo. Nilikawia kwenye chai ya wageni. Niliporudi uwanjani nikamkuta msichana anayeitwa Wawira akimalizia mbio ndefu peke yake, umati wote ukimshangilia. Nikajiambia, huyu amewaacha wenzake mbali sana.

Nilipopewa maikrofoni, nikajifanya mtaalamu. Nilikiri kwamba si rahisi kumlinganisha mkimbiaji na kipa aliyeokoa penalti siku hiyo hiyo.

"Lakini kipa ana mabeki," nikasema. "Mkimbiaji ana pumzi zake tu. Na ushindi kama wa Wawira sijawahi kuuona."

Walimu wakainamisha vichwa. Nilidhani maneno yamewagusa.

Wawira alikuja mbele, akalitazama kombe nililomnyooshea bila kulishika. Akaongea kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu, na kila mtu akasikia.

"Sir, wenzangu walikuwa wamemaliza kitambo. Mimi nilikuwa wa mwisho."

"Sasa watu walikuwa wanashangilia nini?"

"Nilikataa kuacha mbio njiani."

Kipa alikuwa ameketi mstari wa mbele, akinitazama. Nikabaki nimeshika kombe, nisijue nimpe nani.