Hesabu ya Vilima ya Anselme Darroux

Hebu mwone Anselme Darroux akiingia pale mbele ya duka la mikate la Castelpouy, Jumapili, saa mbili kasorobo asubuhi. Linatangulia tumbo, limebanwa ndani ya jezi ya njano ya klabu iliyonunuliwa zamani, kabla tumbo lenyewe halijazaliwa. Nyuma ya tumbo anafuata mwenye tumbo, mzee wa miaka sitini na saba, masharubu yamelowa umande, gazeti la jana amelichomeka kifuani ili upepo wa mteremkoni usimpate. Baiskeli inalia kwii, kwii, na yeye husema inaimba. Na juu ya gazeti, ndani ya mfuko wa nailoni, imelala ramani.

Ramani hiyo usiichezee. Kwa miaka ishirini na miwili Anselme ndiye aliyekuwa akichora njia za klabu ya baiskeli. Kila Jumatano jioni alibandika karatasi kwenye mlango wa duka la mikate: tunapita wapi, kilomita ngapi, mita ngapi za kupanda. Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kulala, aliongeza maneno mawili: "Vilima vipole." Watu walikuwa wakirudi midomo imepauka, mmoja aliwahi kutapika kwenye maua ya manispaa, na Jumatano inayofuata walisoma "vilima vipole" wakaamini upya. Ndivyo tulivyo huku Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mtu akishapata mlo wa mchana wa Jumapili, ya asubuhi amesamehe yote.

Sasa, mita zile alikuwa akizipata wapi? Anselme alikuwa dereva wa lori la maziwa. Miaka thelathini na mmoja alizunguka kukusanya maziwa shamba kwa shamba, na hakuna kichochoro cha lami alichokuwa hakijui. Alivijua vilima kwa gia. Palipomlazimisha kushuka hadi gia ya pili, hicho kilima: aliandika mita sitini. Gia ya tatu, kainuko: mita ishirini. Gia ya nne ni tambarare, haiandikwi. Hakumficha mtu hesabu hiyo. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumuuliza.

Akaja wa kuuliza. Odile Vasseur, mwalimu mstaafu wa hisabati, alihamia kijijini kutoka Lille, mji wa kaskazini, miaka mitatu iliyopita, mwembamba kama pampu ya baiskeli, na kwenye usukani wake alifunga kompyuta ndogo iliyokuwa ikihesabu kila kitu isipokuwa dhambi. Jumatano moja ya mwezi wa tano alisimama mbele ya karatasi ya Anselme, mikate miwili mirefu kwapani, akasoma, akacheka puani.

"Bwana Anselme, Jumapili iliyopita uliandika mia tano."

"Niliandika mia tano, Mwalimu."

"Nimepanda mia saba na arobaini."

"Labda ulirudi nyuma kufuata kitu ulichodondosha."

Watu waliokuwa kwenye foleni ya mikate waliangua kicheko. Odile hakucheka. "Na hii ya Jumapili inayokuja, kilomita sitini na nne, mita mia sita. Umezipimaje?"

Anselme akamweleza habari za gia, pole pole, kama anavyoelezwa mgeni njia ya kwenda kanisani. Foleni ikasogea kusikiliza. Hata muuza mikate alibaki na mkate hewani.

"Yaani," Odile akasema, "miaka ishirini na miwili tunapanda vilima kwa nguvu za injini ya dizeli?"

Hapo kicheko kilichotoka hakikuwa cha upande wa Anselme.

Mwenyekiti wa klabu, Ghislain, daktari wa mifugo aliyezoea kutenganisha wanyama wenye pembe, akatoka kwenye foleni, akaingia kati. Wakakubaliana palepale. Odile alitoa nyongeza ya mita mia nzima, kwa heshima ya umri. Ghislain akaandika chini ya karatasi: "Njia ya Jumapili isizidi mita mia saba za kupanda. Ikizidi, ramani na kalamu vinakwenda kwa Mwalimu." Wote wawili wakatia sahihi, mwenye duka akawa shahidi.

Anselme alicheka na kila mtu, akanunua mkate wake, akaenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuukata. Tangu aliache lori, simu yake ilikuwa ikilia siku moja tu kwa wiki. Jumanne. "Anselme, safari hii unatupeleka wapi?" Wakishachorewa njia na kompyuta, nani atampigia simu Jumanne?

Alhamisi alfajiri akatoka peke yake kuikagua njia. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kasheshe ilimngoja kilomita ya arobaini na nane, chini ya kilima cha Bédat. Mwaka huu, kwa kuwa watu walilalamika upepo wa magharibi, alikuwa ameigeuza njia ya zamani ya lori, mwisho ukawa mwanzo. Na lori, kwa miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi liliteremka Bédat. Halikuwahi kuipanda. Katika kichwa cha Anselme, Bédat ilikuwa mahali pa kupumzisha mguu na kupiga mluzi.

Alipanda mita mia mbili za barabara akiwa amekaa, mia moja akiwa amesimama, zilizobaki akiwa anasukuma. Jasho lilifika kwenye gazeti, habari za michezo zikamchapika kifuani.

"Anselme!" sauti ikatoka kwenye bustani ya mboga. "Imekufa baiskeli au umekufa wewe?"

Alikuwa Léontine Capdecomme, mjane wa miaka sabini na tisa, mwenye shamba la Lahitte lililoko chini ya kilima, ambaye maziwa yake Anselme aliyachukua mpaka ng'ombe wa mwisho alipouzwa. Alikuwa amemwacha apande kwanza, akamtazama anavyoteremka akiwa ameishika baiskeli kama mbuzi mkaidi, ndipo akamwita.

Anselme akashindwa kujizuia, akamwaga yote: karatasi, sahihi, mita mia saba, Bédat.

"Mpaka hapa kwangu mnakuwa mmepanda ngapi?"

"Sijui, Mama Léontine. Kwa hesabu yangu..."

"Hesabu yako niachie. Jumapili wasimamishe hapa wanywe maji."

"Dakika kumi tu. Wakipoa misuli hawapandi tena."

"Dakika kumi," alisema Léontine, na akarudi kwenye vitunguu vyake akiwa na uso ambao Anselme aliutambua, uso wa mtu aliyekwisha kupanga jambo, na hakuuliza zaidi. Hilo la kutouliza lilimsumbua hadi Jumapili.

Jumapili wakatoka watu kumi na wanne. Alizeti zilikuwa bado fupi, bata walikuwa wakipiga kelele nyuma ya nyua, barabara inapanda kidogo na kushuka kidogo kama tumbo la mtu aliyelala. Odile aliongoza, na kila baada ya kilima alitangaza bila kugeuka: "Mia mbili na kumi!" "Mia tatu na hamsini!" Anselme nyuma alihisi kila tangazo mgongoni.

Lahitte wakaingia saa tano na nusu. "Mia tano themanini na nane," akasema Odile. Akakinyanyulia macho kilima cha Bédat, kisha akamtazama Anselme, karibu kwa huruma. "Bwana Anselme, unataka tumalizie hapa kwa amani?"

"Tunywe maji kwanza, Mwalimu."

Maji yalikuwepo, jagi moja, mwisho wa meza. Kabla ya kuyafikia maji mtu alipaswa kupita supu ya kabichi na maharage, mapaja ya bata yaliyohifadhiwa kwenye mafuta yake na kukaangwa mpaka ngozi inalia, jibini, halafu pai ya tufaha yenye ngozi nyembamba kama karatasi, iliyonyunyiziwa armanyaki, pombe kali ya zabibu ya huku kwetu, bila ubahili. Chupa yenyewe ilisimama pembeni, na kilichomo kilikaa pipani tangu marehemu mume wa Léontine akiwa na nywele.

"Dakika kumi," akakumbusha Ghislain, akikaa.

Saa nane walikuwa bado wamekaa. Odile, ambaye kawaida alikula ndizi nusu na kuifunga iliyobaki, alikuwa kwenye kipande cha tatu cha pai.

"Mama Léontine," alisema, na ulimi wake haukuwa mwepesi, "hii unga wake unaukandaje?"

"Kwa kutopima, binti yangu."

Saa tisa Ghislain akajaribu kupanda baiskeli yake. Aliipanda kutoka upande mmoja akatokea upande wa pili. Hapo ndipo Léontine akaenda bandani, akarudi juu ya trekta, ameketi wima kama jenerali, tela la majani likimfuata. Hakunywa hata tone, alisema, maana alijua mapema nani ataendesha.

Wakapakiwa: baiskeli kumi na nne, binadamu kumi na wanne na helmeti zao, juu ya majani. Trekta likaishambulia Bédat likitoa moshi mweusi. Magari yaliyokutana nao yalipiga honi, na Ghislain aliyapungia mkono kama mshindi wa mashindano. Wengine waliimba; Anselme peke yake hakuimba. Alikuwa akiitazama kompyuta ya Odile, iliyofungwa kwenye usukani wa baiskeli iliyolala ubavu, na namba zilikuwa zinapanda. Mia sita na arobaini. Mia saba na tano.

Mbele ya duka la mikate kompyuta ilisoma mia nane na kumi na moja.

"Mia nane na kumi na moja," akasema Odile, akiushikilia mlango ili asimame sawa. "Karatasi inasema njia isizidi mia saba. Njia ndiyo hii, tumeipita yote."

"Tumeipita," alisema Anselme. "Lakini karatasi inasema za kupanda, Mwalimu. Mpaka Lahitte ulipanda mia tano themanini na nane. Kutoka hapo umepanda nini wewe, zaidi ya tela?"

"Kilima hakijali nimekipandaje!"

"Kwa hiyo leo injini ya dizeli inahesabiwa?"

Ghislain akawatazama wote wawili, akaitazama karatasi, akavua helmeti. "Kama Mama Léontine aliandaa meza ile kwa akili yake mwenyewe, bila wewe kumtuma..."

"Niliwaambia dakika kumi," alisema Anselme, akiangalia viatu vyake. "Zilizobaki sikuziuliza."

Odile akamnyooshea Anselme mkono, hakuigusa ramani, akachukua kalamu tu, akampa Ghislain. Mwenyekiti ndiye anayepaswa kuandika matokeo chini ya sahihi zile mbili, kijiji chote kiyasome kesho kikija kununua mikate. Kalamu iko hewani, watu wanangoja, na Anselme ameibana ramani kifuani. Wewe ungekuwa Ghislain, ungeandika mita ngapi?