Majina ya Nyumba Niliyokataa Kupokea

Jumanne asubuhi, jirani yangu alipokata roho, tulikuwa watano chumbani. Solange, binti yake wa kwanza, alimshika mkono wa kuume. Maman Béatrice, wifi yake, dada wa mume wake aliyetangulia, alikuwa na rozari. Papa Célestin, mume wa Maman Béatrice, aliyestaafu udereva wa basi, alisimama mlangoni, maana wanaume wa kwetu hawajui wasimame wapi mahali mtu anapofia. Alikuwepo mhudumu wa zamu, msichana wa Bukavu anayeitwa Furaha. Na mimi, kwenye kiti cha dirishani. Mimi si ndugu. Tuliishi nyumba moja Schaerbeek, hapa Brussels, miaka ishirini na miwili, yeye orofa ya pili, mimi ya tatu, tukipokeana mifuko ya soko kwenye ngazi. Yeye mwenyewe simtaji. Aliniambia zamani, "Weye maman, usiniweke mu gazeti yako ya parokia, nitakutokea mu ndoto." Mnaonisoma kila mwezi mnajua ninavyopenda kutaja watu, basi mjue kwamba kumnyima jina lake kunaniuma.

Mimi sikusoma sana. Darasa la tatu kwa masista, Likasi, kule Katanga, kisha nikarudishwa nyumbani kulea wadogo zangu. Lakini Mungu alinipa kitu kimoja: jina nikilisikia halitoki. Kwenye harusi na kwenye kilio, hapa na hata Liège, wananiita nikae karibu na mlango niwaambie wenye shughuli yule anayeingia ni mtoto wa nani, aliolewa na nani, mama yake alizaliwa wapi. Watu wengine wana nyumba, wengine wana diploma. Mimi nina majina. Na mtu mwenye kitu kimoja tu anakuwa mchoyo nacho, nalisema wazi kwa sababu ndilo lililoniketisha kuandika.

Marehemu alipofika miaka sitini na mitano, Solange alimpa zawadi ambayo hatukuwahi kuisikia kwetu: ziara ya kuangalia nyumba za zamani za Ostende, na mwongozaji wa kwetu peke yetu. Ostende ni mji wa bahari. Zamani wafalme na matajiri walikwenda huko kuoga maji ya dawa na kuvuta hewa ya chumvi, wakajijengea nyumba za fahari, kila moja na jina lake mlangoni, ingawa mengi yamekwisha kufutika. Tuliokwenda ni marehemu, Maman Béatrice, Papa Célestin na mimi. Sasa, ukimwambia mtu wa Katanga kwamba unampeleka kuona nyumba za watu, anaelewa nini? Anaelewa kwamba wenye nyumba wamekwisha kuambiwa, wameketi wanamngoja. Nani anakwenda kwa watu mikono mitupu? Maman Béatrice aliamka saa kumi alfajiri. Alisonga bukari, ugali wetu, akaifunga kwa taulo mbili isipoe, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaanga. Mimi nilikaanga mikate. Tukavaa kitenge kimoja sisi wanawake watatu, kile cha kijani cha akina mama wa parokia. Ndani ya treni mama mmoja mzungu alihama kiti. "Musihuzunike," Papa Célestin akasema, "hajakimbia harufu, amekimbia njaa." Marehemu alikuwa anaangalia nje tu, anatabasamu. Alijua. Alituacha tubebe masufuria yale yote na alijua.

Mwongozaji alikuwa kijana Mflamandi mpole, Joris, mwenye faili la picha za zamani. Akatusimamisha mbele ya nyumba ya kwanza, ng'ambo ya barabara, akaanza kutueleza kwa Kifaransa chake kizuri habari za balkoni ya chuma, vigae vya rangi chini ya paa na dirisha lililopinda kama tumbo. Maman Béatrice alisikiliza kwa heshima kama dakika tano. Kisha akakaza kitenge, akavuka barabara, akapanda vidaraja vitatu vya ngazi na kubonyeza kengele. Joris alikimbia. "Madame, hapana, hapana! Humo wanaishi watu!"

"Njo maana napiga hodi," Maman Béatrice akamjibu. "Kama hamuna batu, tumepikia nani?"

Kijana wa watu akawa mwekundu. Akatueleza kwamba ziara ni ya nje, kwamba nyumba zina wenyewe, na wenyewe hawajui kama tuko duniani. Papa Célestin akaweka sufuria chini. "Donc tumetoka Brussels kuja kuangalia ukuta. Hata mwizi anaonaga chumba ya ndani!" Tukacheka mpaka Joris naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Hapo ndipo marehemu aliposema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei: "Hii ni Mireille. Ndani iko ngazi mbili. Ile kubwa iko na zulia, ya mabosi. Ile nyembamba ilikuwa yetu. Kidaraja ya tisa inaliaga, tulikuwa tunairuka tusiamushe watoto."

Nilidhani anatania. Kumbe kabla ya Schaerbeek, kabla hajanifahamu, alifanya kazi Ostende majira sita ya joto, anafua shuka na kusafisha madirisha, nyumba hii asubuhi, ile mchana. Miaka yote tuliyopokeana mifuko hakuwahi kuniambia. Nilimwuliza palepale, "Mbona ulinificha?" Akanijibu, "Sikukuficha, maman. Weye unaulizaga majina ya batu. Ya nyumba hukuulizaga."

Tukaendelea, na kuanzia hapo Joris hakuwa mwongozaji tena. Marehemu alitangulia, mkoba begani, na kijana akamfuata na kalamu. Kila nyumba aliitaja jina lake, mpishi wake, dirisha lake linalokwama. Mbele ya jengo moja la ghorofa kumi, baya kama sanduku, alisimama akasema, "Hapa ilikuwa Les Deux Sœurs. Vigae vya jikoni alivipanga muzee Alfons, akiimba. Walivunja. Niliona mu televizio, nikalia." Joris akapekua faili lake kwa haraka akatoa picha: nyumba yenyewe, kabla ya kuvunjwa. Alikuwa na picha miaka mingi bila jina. Alimwangalia marehemu vile ambavyo watu huniangalia mimi kwenye harusi.

Basi hapo nikaushika wivu, au wenyewe ukanishika. Wanasema wivu unaunguza. Wangu ulikuwa baridi, uliniingia mikononi mwa blauzi pamoja na upepo wa bahari ile. Majina ni shamba langu, na huyu wa orofa ya pili alikuwa na shamba kubwa zaidi nyuma ya nyumba, analilima kimya. Nikaanza kumtega. "Na ile ya buluu?" Anaijua. "Na ile yenye mnara?" Anaijua, na mbwa wao pia. Tukafika kwenye nyumba nyembamba ya matofali meupe, yenye sura ya mwanamke iliyochongwa juu ya mlango. Akasema, "Georgette." Na mimi, mbele ya kila mtu, nikasema, "Hapana, maman. Georgette si ulisema iko nyuma, kule tulikotoka? Hii ulisema Clémentine."

Hakuwa amesema hivyo. Nilijua hakusema, maana mimi sisahau. Akasimama. Akaweka vidole kwenye paji la uso. "Nilisema?" akaniuliza. "Ulisema," nikamjibu. Akaitazama nyumba ile muda mrefu, halafu akamgeukia Joris, "Bon, andika Clémentine. Huyu kichwa yake haikosee." Joris akakata neno moja, akaandika lingine.

Chakula tulikila chini ya zile nguzo ndefu zilizopangwa kando ya bahari, alizozijenga yule mfalme wa ndevu ndefu aliyejiita mwenye Kongo yote bila kuikanyaga. Tulitandaza kitenge, Maman Béatrice akamwonyesha Joris namna ya kufinya bukari, na Papa Célestin akapiga nguzo moja kofi kama mtu anayekagua ng'ombe. "Kuleni, batoto, hapa ni kwetu. Nani alilipa hizi nguzo kama si babu zetu?" Joris aliinamisha kichwa akala. Marehemu alicheka kuliko wote. Mimi nilisema mikate imepoa, na kwamba nataka kurudi nyumbani.

Nimefikiri sana tangu siku ile juu ya kazi. Hapa Brussels, ukipita mitaa ya kwetu ukainua macho, utaona jina la aliyechora ramani ya nyumba limechongwa kwenye jiwe karibu na mlango. La aliyefua mapazia hulioni. Nasi, nusu yetu tunaosoma ukurasa huu, tumeingia nyumba za watu wa nchi hii kwa mlango wa nyuma, tumeosha wazee wao, tumejua kabati gani lina nini. Waliosoma wanazijua nyumba hizo kwa nje, sisi kwa ndani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Elimu ile ya ndani tunaidharau sisi wenyewe, tunaona aibu kuisimulia, na siku tunapozikwa inazikwa nasi. Yeye hakuona aibu. Hilo pia nilimwonea wivu.

Majira ya baridi yaliyofuata alipanda mpaka kwangu, akaketi jikoni bila kuvua koti. "Nimeanza kusahau," akasema. "Jana niliacha gesi inawaka. Nyumba zile ziko zaidi ya makumi mbili, siku ile tulipita kidogo tu. Nitakusemea majina yote, weye utayashika." Nikamwambia kichwa changu kimejaa, ampe Joris wake. Akasema, "Joris ataandika. Mimi nataka muntu wa kuyasema." Nikainuka nikaosha sahani iliyokuwa safi. Alirudi tena kabla ya Pasaka, akitaka twende Ostende wawili, asimame mbele ya kila nyumba anitajie. Nikasingizia magoti. Alishuka polepole, na nikamsikia anahesabu vidaraja.

Miaka ikapita, kisha Solange akampeleka kwenye nyumba ya wazee, Woluwe, karibu na hospitali anakofanya kazi. Nilikwenda kila Alhamisi, na magoti hayakunizuia. Mwezi wa mwisho aliniuliza, "Weye uko nani?" Nikamwambia jina langu. Akasema, "Hiyo jina siijue," kwa upole, kama unavyomwambia muuzaji kwamba hutanunua. Nikaona saa ndiyo hii. Nikasogeza kiti nikamwuliza, "Maman, nyumba zile za Ostende. Ile ya buluu, iliitwaje? Na ya mnara?" Majina mawili yale aliyataja siku ile, lakini nilikuwa na kazi ya kumtega, sikuyasikiliza. Ni mara ya kwanza maishani mwangu. Akafikiri. Uso wake ukafunguka, akacheka. "Ah, hayo si kwangu tena. Uliza rafiki yangu wa Schaerbeek, wa orofa ya tatu. Nilimupatia yote. Yule hasahau."

Nilifanyaje? Nilimwambia, "Ndiyo, maman. Anayo yote." Akafumba macho akalala kama mtu aliyekabidhi funguo.

Jumamosi tulimzika. Joris alikuja, sasa ana mvi kidogo, na Solange akamwomba asome ile karatasi ya siku ya ziara, nyumba kwa nyumba, mbele ya kanisa lote. Nilimsikia vizuri. Ya buluu na ya mnara nazo zimo, nimezishika, hazitatoka tena. Alipofika nyumba nyembamba ya matofali meupe, alisoma "Clémentine" kwa sauti ya heshima, na Maman Béatrice aliyeketi karibu nami akanong'ona, "Unaona, hiyo njo weye ulimusahihisha." Nikanyamaza. Nikaimba pamoja na wengine.

Sikuweza kunyamaza hapa. Ile nyumba ni Georgette. Yeye hakukosea, mimi nilidanganya, na nimekwisha kumwomba Solange ampigie Joris simu aandike upya. Rafiki akikufungulia ghala lake, nawe ukasimama mlangoni kupima kama ni kubwa kuliko lako, njaa ya mwisho itakuwa yako.

Zile nyumba nyingine, zaidi ya kumi, hazimo kwenye karatasi ya mtu. Basi wewe unayesoma, uwe Molenbeek au hapa Schaerbeek, kama uliwahi kufua shuka au kufuta madirisha Ostende, au mama yako alifanya hivyo, nitajie ulizozijua. Na kama nimekosea hata moja kati ya nilizozitaja, kama kidaraja kinacholia ndani ya Mireille ni cha saba na si cha tisa, kama mzee wa vigae hakuwa Alfons, njoo unisahihishe. Sijawahi kumwomba mtu neno hilo. Orofa ya tatu, piga hodi, utaingia ndani.