Mwanangu Alipokuwa Hanijui

Nilimwacha binti yangu akitambaa, nikamkuta anakimbia. Katikati palikuwa na chuo cha ualimu, mbali na kwetu Garissa, na mafuriko ya mwaka wa tisini na saba yaliyokata barabara na kunizuia huko likizo nzima. Nilipofika hatimaye uani kwetu, mtaa wa Galbet, nikamnyooshea mikono, alinitazama kana kwamba nauza kitu asichokitaka, akajificha nyuma ya mama yangu.

Hooyo, yaani mama, kwake alikuwa mama yangu. Mimi nilikuwa abaayo, dada, kwa kuwa ndivyo wadogo zangu walivyoniita. Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa na likizo hiyo moja tu ya kumrudisha mwanangu, na mtu mwenye hasira za karibu kama mimi hakuumbiwa kubembeleza.

Cha kuchekesha ni kwamba jambo lenyewe nilikuwa nimelisomea. Katika somo la saikolojia tulifundishwa kwamba mtoto mchanga hujifunga kwa yule anayemlisha na kumwitikia akilia, na kwamba huwaogopa wageni. Nilipata alama nzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba mgeni wa kwenye swali la mtihani angekuwa mimi.

Mama, aliyekulia kwenye ngamia kabla ya kuhamia mjini, alikuwa na dawa yake. Ndama wa ngamia akifiwa na mamaye, wafugaji humvika ngozi ya ndama mwingine aliyekufa, ili mama wa yule aliyekufa anuse, adhani ni wake, amnyonyeshe. Basi akavua mtandio wake mpana, unaonukia udi na moshi wa jikoni, akanifunika. Nikaketi mkekani nimewapa mgongo yeye na mtoto. Mtoto akaja mbio, akanilalia, akavuta harufu. Kisha akainua uso, akaniona, akapiga yowe lililowatimua mbuzi wa jirani. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliutupa mtandio, nikaingia ndani kulia.

"Ngamia hutumia pua," akaniambia aliponifuata. "Huyu ana macho. Kaa akuone."

Nikakaa. Kila asubuhi nilipika anjera, mikate yetu laini ya vitundu, nikaipaka samli na sukari, nikaiweka kando yangu bila kumwita. Alinyakua kipande, akarudi mbio kukila kwa bibi yake. Siku zilivyosonga akawa anakila akiwa katikati ya ua, ananichungulia. Mwishowe akawa anakila mapajani mwangu, mkono mmoja umeshika sikio langu, samli yote inaishia kwenye nguo yangu. Nilimpenda mpaka nikaogopa.

Likizo ikaisha. Nilitaka kutoroka wakati anacheza, mama akakataa, akasema mtoto asiyeagwa hujifunza kutomwamini mtu. Nikamuaga. Alinitazama nikibeba sanduku. Nilipofika getini akaangua kilio, akachomoka mikononi mwa bibi yake, akaing'ang'ania nguo yangu, ikabidi mama ambandue kidole kimoja kimoja. Nilikwenda hadi kituo cha mabasi nikilia barabarani bila haya, sauti yake ingali masikioni, na moyoni nikisema alhamdulillahi, mwanangu ananililia mimi.