Waya za Plagi na Mkwe Chini ya Gari

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na mwache kuchezea simu, maana sitarudia. Nataka kuwaeleza vile pikapu yetu ilitengenezwa na watu watatu, na wawili kati yao hawakuruhusiwa kuangaliana usoni.

Pikapu ilikuwa ya mzee wangu, baba ya watoto wangu. Alipotutoka, ndugu zake walinishauri niiuze. Nikakataa. Ilikuwa inabeba maziwa, kabichi, mbolea na wagonjwa wa kijiji kizima, na dereva wake alikuwa mke wa kijana wangu, kwa sababu kijana mwenyewe alifanya kazi mbali. Watu wa upande wetu wa Kitale walicheka kuona mwanamke amejifunga leso anapiga gia. Siku walipohitaji kubebwa hawakucheka.

Ilikuwa miaka ile simu za mkono zimeanza kufika hata kwetu mashambani. Ndugu yangu, anayekaa Bungoma pale Kanduyi, alikuwa anaoza binti yake. Sisi tuna senge, yaani shangazi, dada ya baba. Senge ndiye anamshika bibi arusi mkono na kumtoa nyumbani kwao. Asipofika, msichana anakaa ndani, hata kama pasta amesimama kanisani na Biblia mkononi. Senge alikuwa mimi. Ndugu yangu alitaka kukodi gari la kumpeleka binti kanisani, nikamwambia kwa simu, "Kukodi ya nini? Nakuja na pikapu."

"Ile inakohoa?"

"Imekukoholea wewe? Nimesema nakuja."

Nikakata simu. Lakini ukweli ni kwamba ilikuwa inakohoa. Asubuhi ilitetemeka kama mtu wa malaria, ikakata moto mara tatu kabla ya kufika barabarani. Fundi mmoja mpita njia alisema injini imekufa, tununue nyingine. Nikamwuliza, "Imekufa, na saa sita mchana inakimbia?" Akafunga boneti akaenda zake. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nimefuga ng'ombe. Kitu kikiugua asubuhi na kupona jua likitoka, nauliza habari ya umande.

Mke wa kijana alikuwa na chupa ya kunyunyizia nguo maji wakati wa kupiga pasi. Tukafunga milango ya banda mchana, ndani kukawa giza, yeye akawasha gari, mimi nikanyunyiza kidogo juu ya zile waya zinazopeleka moto kwenye plagi za injini. Wacha! Vimoto vya buluu vikaanza kurukaruka juu ya waya kama vimulimuli, na gari likakohoa vile vile linavyokohoa asubuhi. Mpira wa waya ulikuwa umepasuka kwa uzee, moto unatorokea njiani. Nikanyoosha kidole kumwonyesha mahali, na moto ukanionyesha mimi. Nilirushwa mpaka kwa gunia la pumba.

"Mama, umeumia?"

"Zima gari. Usicheke."

Alizima. Kucheka alicheka.

Waya mpya za dukani bei yake ilikuwa ya mbuzi aliyeshiba. Nikaenda kwa mzee mmoja Mwislamu, karibu na msikiti pale Kitale mjini, aliyeuza vitu vya magari yaliyovunjwa. Alinitolea karai lote la waya. Nikaanza kuzikunja moja moja kama ninachagua kamba ya kufunga ndama, inayopasuka naweka kando. Akasema, "Mama, hizi ni waya, si sukuma wiki. Unaminyaminya nini?"

"Na wewe mbona umezichanganya kama mboga?"

Akacheka, akaleta kile kipimo chake cha umeme, cha mshale, akapima zile nilizochagua. Nne zilikuwa nzima. Ya tano, ile ya katikati inayotoka kwa koili, kile kikopo kinachozalisha moto, hakuwa na nzuri, lakini yetu ya zamani ilikuwa bado haijapasuka, basi nikamwambia hiyo itabaki. Nikarudi nyumbani na waya nne ndani ya kikapu, juu yake nimeweka nyanya.

Sasa sikieni kosa langu. Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi, arusi ni Jumamosi. Mimi sipendi uchafu. Nilipoona vile pale ndani ya injini pamejaa mafuta na vumbi, nikamwambia mke wa kijana, "Toa waya zote, tupanguse kwanza." Akasema, "Mama, si tutoe moja tuweke moja?" Nikamwambia, "Unapopanga nyumba unafagia chini ya kiti kimoja kimoja? Toa zote."

Akatoa zote. Tukapangusa mpaka pakang'aa. Halafu tukasimama na waya mikononi tukiangaliana. Kifuniko cheusi kinachogawa moto kilikuwa na matundu manne pembeni, yote yamefanana kama watoto wa sungura. Tukajaribu hivi, gari likanyamaza. Tukajaribu vile, likapiga mlio kama bunduki, na kuku wote wakaingia kwa mahindi.

Nikaketi kwa jiwe. Akilini nilimwona msichana wa ndugu yangu amekaa ndani na shela yake, watu nje wanauliza, "Senge yuko wapi?" Mimi niliyekataza gari la kukodi.

Fundi mzuri tulikuwa naye, si kwamba hatukuwa naye. Mume wa binti yangu mkubwa alikuwa fundi wa magari pale pale Kitale. Lakini mkwe ni mkwe. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Utamwitaje huyo aje kuinama mbele yako na spana? Nilikuwa nimekaa na ugonjwa wa ile gari miezi mingi kwa ajili ya hiyo aibu. Siku hiyo nikasema, "Mpigie."

Alifika, akasimama langoni, akakohoa kwa nguvu ili nijue. Nikaingia jikoni. Nikasikia anamwambia mke wa kijana, "Mwambie mama nimefika." Akaja akaniambia, kama kwamba sina masikio. Nikasema, "Mwambie karibu." Akaenda akamwambia. Mkwe akaangalia injini, halafu akauliza, "Nani alitoa zote mara moja?"

Mke wa kijana akaanza kupangusa betri. Mtoto mwenye adabu.

"Mwambie mama hii inataka watu watatu. Mmoja azungushe injini kwa spana, mmoja aangalie ndani ya kigawanya moto, chini ya kile kifuniko cheusi, mmoja azibe tundu la plagi ya kwanza kwa kidole asikie upepo."

Majirani wote walikuwa sokoni. Nikapaza sauti kutoka jikoni, "Aingie chini ya gari kwanza. Akishaingia, mnaniita."

Akafungua plagi ya kwanza, akaingia. Nikatoka na gambuti zangu za mpira, nikasimama mbele ya boneti. Yeye alikuwa amelala chali chini ya injini, anaona gambuti tu. Mimi naona soli za viatu vyake tu.

"Habari ya asubuhi, mama," soli zikasema.

"Nzuri. Zungusha."

Akazungusha. Nimeweka kidole gumba kwenye tundu, hakuna kitu. Akazungusha tena. Ghafla upepo ukanisukuma kidole kutoka chini, kama ndama anayetafuta titi. Nikapiga kelele, "Umekuja! Umekuja bana!"

"Nazungusha pole pole sasa, mama. Hapo, alama imefika. Shemeji, kile kidole kinachozunguka ndani kinaangalia wapi?"

"Kinaangalia upande wa betri," akasema mke wa kijana.

"Basi tundu la upande huo ni la plagi ya kwanza. Kutoka hapo mfuate vile kinazunguka. Ya pili kwenye mstari iende plagi ya tatu, halafu ya nne, halafu plagi ya pili."

"Kwa nini isiwe moja, mbili, tatu, nne?" nikauliza.

"Mama, hata mimi nilimwuliza mwalimu wangu. Alinichapa."

Nilicheka mpaka nikashika boneti. Miaka yote sikuwa najua huyo mtu ana mdomo. Mke wa kijana akarudisha plagi na kifuniko, nikaweka waya kwa mikono yangu mwenyewe, moja baada ya nyingine, yeye akitaja namba kutoka chini na mimi nikijibu, "Imekaa." Tulipomaliza nikapangusa mikono. Halafu soli zikasema kwa heshima sana, "Mama, sasa ningependa kutoka."

Nikarudi jikoni haraka. Nikasikia ufunguo, nikasikia injini inashika mara moja, inanguruma laini, haina hata kikohozi. Nilicheza mle jikoni peke yangu, mwiko mkononi. Jogoo mmoja alikuwa mlangoni ananitazama. Ndiye tuliyempikia mkwe.

Jumamosi umande ulikuwa mzito kama mvua. Nilisema ninyunyize maji tena nione, mke wa kijana akaficha chupa. Gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Mkwe hakuweza kuketi mbele na mimi, basi alipanda nyuma pamoja na binti yangu na watoto na ndizi, na dirisha la katikati tukalifunika kwa leso. Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, nyuma wanaimba, na kwenye kila kilima nasikia sauti ya mkwe ikishinda zote.

Tulipoingia Kanduyi, ndugu yangu alikuwa barabarani na suti, anaangalia saa. Alipoona pikapu alivua kofia. Akasogea, akainamisha kichwa kwa boneti, akasikiliza.

"Haikohoi," akasema.

"Msichana yuko wapi?"

"Ndani. Amekataa hata chai. Anakungoja."

Akina mama walishaanza vigelegele. Nikapanga leso yangu vizuri. Mke wa kijana, kwa kupenda kuhifadhi petroli, alinyoosha mkono kwa ufunguo, na huko nyuma watu wangu wakaanza kuteremka mmoja mmoja na mizigo. Nikageuka kwenye mlango wa gari, nikawaambia wote, hata yule wa nyuma ya leso: "Hakuna mtu kuzima hii gari mpaka bibi arusi apande. Na ndizi zishuke sasa hivi, hapo mbele atakapokaa pafagiwe."