Lebo Ilisema Pamba

Wiki yangu ya majaribio katika ghala la nguo kuukuu kule Edmonton ilikuwa inaisha Ijumaa, na kupata mkataba kulitegemea neno la supavaiza wetu. Alikuwa mama wa Kikenya aliyewahi kufundisha kwao, kwa hiyo sote tulimwita Mwalimu. Kazi ilikuwa kuchambua. Pamba hukatwa matambara ya kufutia mafuta gereji. Poliesta huwekwa kando, kwa sababu hainyonyi. Ukifutia mafuta unayasambaza tu.

Ijumaa hiyo asubuhi nilifungua robota la fulana nyeupe, zote mpya. Lebo zilisema pamba asilimia mia. Vidole vyangu vikakataa. Zilikuwa na utelezi, na kila nilipozitenganisha zilinata mkononi. Nikazitupa kwenye toroli la poliesta.

"Kijana, hujui kusoma?" Mwalimu akaniuliza mbele ya watu.

"Najua, Mwalimu. Lebo ndiyo haijui kitambaa."

"Ati! Umeacha shule form two, leo unasahihisha lebo?"

Meza nzima ikacheka. Shule niliacha, ni kweli, lakini sikuacha kuuliza. Nimefanya vibarua nchi nne, na kila nilikopita nilitaka kujua kitu kinatengenezwaje. Kuchoma uzi ili kujua kitambaa nilifundishwa na fundi cherehani mmoja wa Kingsbury, mtaa wa jiji hilihili, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, wakati nikimfagilia duka lake.

Nikamwomba Mwalimu tutoke uani. Nilichomoa uzi kwenye singlendi yangu ya pamba, nikauwasha. Ukaungua kama karatasi, jivu likapeperuka. Nikachomoa mwingine kwenye fulana. Huo ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, na mwishoni kikabaki kitone kigumu kama kichwa cha pini. Kilipopoa nikampa. Alikibonyeza kwa ukucha, kikakataa kupondeka.

"Mimi si mjinga," akasema polepole. "Lakini ofisi inasoma lebo. Lori la matambara linaondoka saa nane na halijajaa. Rudi ndani, uziweke kwenye pamba."

"Ziweke wewe, Mwalimu."

"Unajua leo ni siku gani kwako?"

"Najua."

"Basi Jumatatu usije."

Nikatoa glavu mfukoni, nikamkabidhi mkononi.

"Sawa," nikamwambia. "Hata nisipokuja, fulana hizo bado hazitanyonya mafuta."