Ukimya wa adhuhuri uliomtoa mchimba visima msikitini

Saa sita na nusu mchana, adhana inaanza kusikika juu ya mapaa ya mabati. Fundi baiskeli wa jirani anazima redio. Mwenye nyumba, aliyekuwa akilalamikia rundo la udongo mbele ya mlango wake, anakatiza malalamiko katikati.

Bonge peke yake ndiye anayezidi kupayuka. Ameinamia mdomo wa kisima, kamba imemzunguka kiganja, jasho linamtiririka mpaka kwenye kitambi kilichompa jina.

"Upo?"

"Nipo," inajibu sauti kutoka chini.

Hajakaa hata kidogo, anaita tena. Mwenye nyumba anamkata jicho, maana kwake huo ni utovu wa adabu. Bonge wala hajali. Ndiyo masharti ya kazi, na asiyeyafuata hapewi kamba.

Masharti hayo yamewekwa na huyo aliye chini, kijana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, maana kisima hakipendi wanene, na ndiyo sababu Bonge hubaki juu. Anachimba kwa sururu na koleo, na panapotokea mwamba, kwa tindo na nyundo. Hulipwa kwa futi. Wiki ya mwamba anaweza kushuka futi tatu tu, na malipo yake hayafikii kodi ya nyumba anayokaa na mama yake.

Kazi hii alifundishwa na kaka yake. Kaka alishuka, mdogo akashika kamba. Wote wawili walikuwa watu wa msikiti, mdogo ndiye zaidi. Wageni wakija madrasa ndiye aliyeitwa kusoma, na mama alikwisha kuanza kutamba mtaani kwamba amezaa shehe.

Kaka alikuwa na tabia moja. Adhana ikimkuta kisimani, aliweka sururu chini, akaitikia kimoyomoyo, kisha akaswali palepale kwa kadiri nafasi ilivyomruhusu, kwa kuwa kupanda na kushuka kungemlia muda. Wakakubaliana kwamba wakati huo asiitwe. Mtu anayeswali hasemeshwi.

Siku yenyewe, miaka saba iliyopita, maji yalikuwa yamewazidi. Wakateremsha pampu ya petroli mpaka kwenye ukingo waliouchonga ndani ya kisima, jambo ambalo wachimbaji wengi walilifanya bila kujua kwamba moshi wake unaua, na kwamba hubaki ndani hata mashine ikizimwa. Walipoizima, kaka akashuka kuendelea. Muda mfupi baadaye adhana ikalia, na kule chini pakawa kimya.

"Nikasema anaswali," anasimulia. "Nimekaa pale juu, nimeshika kamba, nimetulia kabisa. Tena naona raha, nasema leo kaka anaswali kwa utulivu. Kumbe nasubiri maiti."

Alipoita hatimaye, hakuitikiwa. Watu walipomtoa kaka yake, mwili ulikuwa bado una joto.

Mazikoni alisimama safu ya mbele, midomo imefungwa. Dini ikamtoka hapo. Hakumtangazia mtu. Alfajiri mama akimgongea mlango, alikwenda bombani akamwaga maji chini ili yasikike, akarudi kujifunika shuka. Mama aliridhika. Yeye alimchukia Mungu, na hilo analitamka bila kutafuna maneno: "Niliona amemchukua mtu aliyekuwa anamwabudu. Nikasema huyu si wa kumwomba kitu."

Mama naye alibaki na faraja moja tu, kwamba mwanawe alikufa akiswali. Alimwambia kila aliyekuja kumpa pole, na miaka yote hii amekuwa akilirudia hata akiosha vyombo peke yake. Kijana hakuwahi kumpinga.

Mwaka jana aliitwa kuongeza kina cha kisima cha imamu wa mtaa, kijana mwenzake ambaye ndevu zenyewe bado zinasuasua. Adhuhuri ikafika, Bonge akaendelea kuita. Imamu akatoka kuuliza kulikoni. Alipoelezwa, alisema Bonge yuko sahihi: hata aliye katikati ya swala huikata kama kuna mtu wa kuokolewa, na aliye hatarini huitwa mpaka aitike.

Bonge, ambaye maneno hayakai kwake, aliyapayuka hayo hayo kisimani. Kijana akataka avutwe juu. Alitoka ana tope mpaka kwenye kope, akamshika imamu kanzu, akamwambia arudie alichosema. Imamu akarudia.

"Nikamuuliza, mbona hamkutuambia? Kila Ijumaa mnaongea, hili mbona hamkulisema? Akalia pale pale, na kanzu yake imejaa alama za vidole vyangu vya tope."

Mtu angetarajia kwamba hapo alifarijika. Wapi.

"Mungu hakutuomba ule ukimya. Tulimpa sisi wenyewe, kwa adabu zetu," anasema. "Nilipokuwa namlaumu yeye nilikuwa napumzika. Sasa nikabaki mimi na kamba yangu."

Kwa wiki kadhaa alisusa chakula na kazi. Jioni moja alikwenda bombani, na safari hii akatawadha kweli. Aliswali akakosea rakaa, akaanza upya, akakosea tena. Anasema hakuomba kitu. Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Tangu hapo hajaacha, ingawa usingizi wake bado ni wa mang'amung'amu.

Imamu sasa amemwomba asimame Ijumaa hii baada ya swala azungumze na wachimba visima, ambao wengi wao bado hunyamaziana adhuhuri. Hapo ndipo penye mtihani. Akisimama, itabidi aseme kwamba kaka huenda alikuwa akizidiwa na moshi huku yeye akidhani anaswali, na faraja ya mama yake inakwisha. Ndiyo maana aliomba simulizi hii isichapishwe kabla hajamwambia kwa kinywa chake.

Juzi alimwambia, wakiwa wameketi jikoni. Mama aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo ungemwita, angepona?"

"Nikamwambia, huenda, mama. Alikuwa bado ana joto."

Mama aliinuka akaingia chumbani. Chakula anampikia, anamwachia mezani amekifunika. Kusema naye hasemi, isipokuwa kumjulisha kwamba Ijumaa hatakwenda msikitini.

"Simlazimishi," anasema kijana, akijifunga kamba kiunoni ili ashuke tena. "Mimi nitasimama. Kuna mama za watu wengine, na watoto wao wako chini sasa hivi."