Nywele Nyuma ya Mshale

Nakumbuka siku bibi yako alipotaka nirudishwe kwetu, mwanangu, na wewe uko mgongoni kwangu unachemka homa.

Hapa hapa Sombetini, ukutani, nilitundika kitu cha shaba cha marehemu baba yangu, duara kama saa. Alikitoa Momela, ghala la kahawa lilipobomolewa. Mimi na ndoto zangu! Kila nikikitazama najiona nina duka la vitu vya kale. Sasa bibi yako akakishusha akifute vumbi, akakigeuza. Nyuma akakuta nywele za mtu, zimenyooshwa, zimefungwa.

"Mama Neema! Nywele za nani hizi? Ndiyo maana mtoto haponi! Urudi kwenu leo hii!"

Baba yako akaniangalia kama hanijui, na hilo liliniuma kuliko kelele zote. Bibi alishafika kwenye jiko la mkaa akichome, ndipo akaingia kaka yake, Babu Elia.

"Shikamoo babu," nikamwamkia.

"Marahaba. Hebu lete hicho." Akakitazama. "Saa gani ina mshale mmoja, namba zinaishia mia? Hiki kinapima unyevu wa hewa. Nywele zikipata unyevu zinarefuka, mshale unapanda. Tulikuwa navyo kwenye maghala."

"Nakuuliza, nywele za nani?" bibi akang'ang'ania.

"Za huko kilikotengenezwa. Zangu wasingezipata," akapapasa upara.

Bibi hakucheka. Babu akalowesha khanga, akaikamua, akakifunika nayo. Tukangoja. Nilikaa, nikasimama, nikakugusa paji la uso, nikakaa tena. Kama mshale ungebaki palepale, ningelala wapi na wewe?

Akafunua. Mshale ulikuwa umepanda, unakaribia mia.

Bibi akainama, akatazama kwa muda. Kisha akaninyang'anya wewe mgongoni. "Sasa mnakodolea nini? Mtoto apelekwe hospitali!" Akatangulia yeye, khanga zikiburuzika.

Babu akanigeukia. "Na wewe binti, unatundika kitu usichokijua, halafu unashangaa watu wakikipa jina?"

Basi mwanangu, ukirithi kitu, kijue. Hesabu mishale yake, soma namba zake, tazama nyuma, uliza waliokitumia. Ukikuta cha mwenzako kinakutisha, muulize kabla hujawasha moto. Na usimwache mgonjwa akingoja huku mnagombana.

Mungu akupe subira mimi niliyoikosa siku ile, na nyumbani kwako wasikutazame kamwe kama mgeni.